Mama Mbona na Picha Elfu Moja Mia Tatu na Kumi na Mbili

Ndugu, jamaa na marafiki, huyu tuliyemsindikiza leo alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi wa mizani za dukani, mama yake mshonaji. Wengi mlimfahamu kama Mama Mbona, na huenda mlidhani jina hilo alilipata kazini. La hasha. Alilipata akiwa na miaka sita, siku alipolipindua jiwe la mizani la kilo moja, akaona chini yake kuna tundu lililozibwa, akamuuliza baba yake, "Mbona lina tundu? Nani kalitoboa?" Akaambiwa aende akacheze. Hakwenda. Mwishowe mzee akaiweka kando mizani ya mteja, akamchomolea kile kizibo na kumwonyesha kwamba humo ndani ndimo uzito unamoongezwa au kupunguzwa mpaka kilo iwe kilo kweli. Mteja alipokuja akakuta kazi yake haijaguswa, na alipouliza kulikoni, baba alimwonyesha binti yake kwa kidole: "Muulize huyo Mbona." Jina likaganda hapo hapo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975. Ripoti yake ya kidato cha pili ipo hadi leo, imekunjwa mara nne, na mwalimu wa jiografia ameandika kwa wino mwekundu: "Ana akili. Huuliza kabla sijamaliza sentensi." Marehemu aliitunza karatasi ile kuliko vyeti vyake vyote. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea uchapaji kwa miaka miwili, msichana peke yake kati ya wavulana kumi na tisa. Huko alizoea kupanga herufi za chuma na kuzisoma kinyumenyume, ujuzi ambao hakuuacha maisha yake yote. Ukikaa naye mezani na gazeti lako, yeye upande wa pili alikuwa analisoma juu chini, tena anamaliza ukurasa kabla yako na kukuuliza mbona hufunui.

Tarehe 2 Januari 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji cha chuo kikuu. Ndiko alikokutana na mumewe, fundi wa mashine za chapa. Fundi aliitwa kuja kukaza mkanda wa mashine, kazi ya saa moja. Binti wa kupanga herufi akasimama pembeni na maswali yake: mbona mkanda unalegea upande huu tu, mbona mafuta haya mazito na yale mepesi. Kazi ikachukua siku mbili. Miaka mingi baadaye mzee alikiri mbele ya wanawe kwamba siku ya kwanza aliacha boliti moja bila kuikaza, makusudi, ili aitwe tena. Mama alimtazama akasema, "Nilijua. Niliiona." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa watoto watatu.

Herufi za chuma zilipostaafishwa, marehemu hakukubali kustaafishwa nazo. Mwaka 1994 alijifunza kompyuta, na mwaka 2001 akahamishiwa ofisi ya jarida la chuo la utafiti wa udongo na maji, ghorofa ya pili, chumba namba 14, chenye dirisha moja lisilofunga vizuri na kabati la chuma lililojaa matoleo yote tangu lile la kwanza la mwaka 1974. Alikuwa mhariri wa matayarisho. Maana yake ni kwamba wasomi waliandika, naye akahakikisha kilichoandikwa kinafika kwa msomaji kikiwa kizima. Mwaka 2009 jarida liliwekwa mtandaoni. Matoleo ya zamani yaliskaniwa ukurasa kwa ukurasa, watu wakapongezana, na mama yetu akaamini kazi imekwisha.

Asubuhi moja ya Mei 2012 simu ya chumba namba 14 ililia. Aliyepiga alikuwa mtafiti wa udongo wa chuo kingine, mtu aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka kumi na mmoja na ambaye sasa alikuwa na shahada ya uzamivu. Marehemu alimwita Daktari, na hapa pia tutamwita hivyo.

"Mama, samahani kwa usumbufu," alisema Daktari. "Mmechapisha makala yangu mwezi uliopita. Asanteni sana. Tatizo langu ni moja tu, siwezi kuisoma."

"Mbona usiweze kuisoma na umeiandika mwenyewe?"

Daktari akacheka, akamweleza. Kompyuta yake humsomea maandishi kwa sauti. Lakini ukurasa ulioskaniwa, kwa mashine ile, si maandishi, ni picha tu. Alipofungua makala yoyote ya zamani, kompyuta ilimwambia "ukurasa hauna kitu", kisha ikanyamaza. Na yale matoleo mapya yenye maandishi ya kweli, likiwemo lile la makala yake, yalikuwa na balaa lake: kurasa za jarida zilikuwa na safu mbili, na mashine ilisoma mstari wa safu ya kushoto ikaruka moja kwa moja hadi wa kulia. Akampa mfano: "Tunawashukuru kwa dhati wafadhili wetu, waliochanganywa na samadi ya mbuzi, na kuachwa juani kwa siku saba."

Mama alicheka mpaka mhasibu wa chumba cha jirani akaja kuchungulia. Alipoikata simu hakucheka tena. Alikaa akilitazama lile kabati la chuma. Jioni alimwambia mumewe kwamba kwa miaka thelathini na nne alikuwa anafunga milango huku akidhani anaifungua, na kwamba anaona haya.

Basi akaanza. Kwa miaka mitatu alihakikisha kila ukurasa wa zamani unageuzwa kuwa maandishi, safu zinasomeka kwa mpangilio, vichwa vya habari vinatambulika kuwa vichwa vya habari, na majedwali yanasomwa kisanduku baada ya kisanduku. Daktari alikuwa mkaguzi wake, kwa simu, bila huruma. Zikabaki picha, yaani grafu, ramani, michoro na picha za kamera. Kila moja ilihitaji maelezo mafupi ya maandishi, ili asiyeona naye ajue kuna nini. Zilikuwa picha elfu moja mia tatu na kumi na mbili.

Hapa, ndugu zetu, tunafika kwenye kosa la marehemu. Familia ilijadiliana kama lisomwe au lisisomwe, na mumewe akaamua: "Lisomwe. Yeye mwenyewe alikuwa analisimulia kwa kila mgeni."

Mwaka 2015 uongozi wa chuo ulitaka jarida lipate cheti cha kufikika na wasomaji wote. Kulikuwa na programu ya kukagua, na programu ile iliuliza swali moja tu kuhusu picha: ina maelezo au haina? Muda uliobaki ulikuwa wiki moja. Mama yetu, mtu wa maswali, safari hii hakuuliza. Kwa siku nne alibandika katika nafasi zote elfu moja mia tatu na kumi na mbili maneno matatu yale yale: "Picha ya utafiti." Programu ikaonyesha alama za kijani kutoka juu hadi chini.

Sherehe ilifanyika Ijumaa, tarehe 9 Oktoba 2015, kukiwa na keki, hotuba na cheti kwenye fremu ya dhahabu. Daktari alialikwa kama mgeni wa heshima. Wakati hotuba zinaendelea aliketi na kompyuta yake, spika ndogo masikioni, akisikiliza jarida. Mama alikaa kiti cha jirani. Hatimaye Daktari alimwinamia akamwambia kwa sauti ya chini, bila hasira: "Mama, nimepitia toleo zima. Picha ya utafiti. Picha ya utafiti. Picha ya utafiti. Ni kama nimepiga hodi kwenye nyumba ya milango thelathini, na kila nikigonga naambiwa, huu ni mlango."

Mama alikuwa na njia ya kutokea. Hakuna mwingine aliyesikia, na barua yake ya kupandishwa cheo ilikuwa mezani kwa mkuu wa idara, inasubiri saini tu. Marehemu alisimama, akanyoosha gauni lake, akaenda mbele na kumwomba makamu mkuu wa chuo kipaza sauti. Aliwaambia watu alichokifanya, idadi na siku, akaomba cheti kisitundikwe.

Mkuu wa idara alimfuata kwenye ngazi. "Mama, unajiharibia bure! Nani angejua?"

"Nilijiharibia Jumanne ya wiki iliyopita," akajibu. "Leo narekebisha."

Cheti kilirudi kwenye boksi lake. Barua ya cheo haikusainiwa, wala hakuiuliza tena. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja kubwa, nayo kila aliyemkaribia aliijua: kabla hajafa, kila picha katika jarida lile iwe na maelezo ya kweli, na asiandike hata neno moja asilo na hakika nalo.

Mwanzoni aliharibu kwa upande mwingine. Picha ya shimo la udongo aliiandikia maneno mia nne, na ndani yake kulikuwa na hali ya hewa, viatu vya mtafiti na maoni yake juu ya viatu hivyo. Daktari akampigia: "Mama, hapa umeniandikia barua. Niambie ni kitu gani, niambie kinabadilikaje, kisha unyamaze."

"Na viatu?"

"Viatu niachie."

Ndipo alipobuni njia yake ya kazi, ambayo tunaamini haikuwahi kufundishwa katika chuo chochote. Kila jioni, vyombo vikishaondolewa mezani, alimkalisha mumewe na penseli na daftari, akamwamuru asiitazame picha, akamsomea maelezo aliyoandika mchana. Mzee alichora alichosikia. Mchoro ukifanana na picha, maelezo yamepita. Usipofanana, yanaandikwa upya. Mzee hajawahi kuwa mchoraji, na mabishano yalikuwa mengi.

"Nimekwambia mstari unapanda halafu unatulia. Huu wako unakwenda wapi?"

"Unatulia."

"Huo umelala kabisa! Sasa kosa ni la maneno yangu au la mkono wako?"

"Mkono wangu umechoka, andika upya." Madaftari hayo yako kumi na saba, yamepangwa chini ya kitanda chao.

Palipokuwa na picha asiyoielewa, alimpigia simu mwandishi. Hapo aligundua jambo lililomfurahisha kuliko yote: wasomi wengi hawakujua picha zao zinaonyesha nini. Profesa mmoja alisema picha yake inaonyesha mchanganyiko. "Mchanganyiko wa nini, Profesa?" "Wa mambo." "Mambo gani?" Profesa akaomba apewe wiki moja. Mwingine, akijitahidi kumsimulia grafu yake ya mwaka 1997, aliikatiza sentensi yake katikati. Alikuwa amegundua kwamba majina ya mistari miwili yamebadilishana, na kwamba kwa miaka ishirini watu walikuwa wananukuu mbolea isiyofaa. Alichapisha masahihisho, na tangu siku hiyo akawa anampigia mama simu kila mwanzo wa mwezi kumsalimia. Yuko hapa leo, amekaa safu ya pili.

Marehemu alistaafu rasmi tarehe 14 Machi 2018, akakabidhi ufunguo wa chumba namba 14, na Jumatatu iliyofuata akarudi kuuomba. Februari 2023 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Madaktari walikuta ugonjwa wa moyo. Alipoonyeshwa picha ya moyo wake kwenye skrini, alimwambia daktari bingwa, "Usiniambie ni mbaya, hilo nimeliona usoni mwako. Niambie inaonyesha nini." Daktari bingwa akavuta kiti, akamweleza kwa dakika ishirini, na mama akamwambia maelezo yake ni mazuri ila marefu. Alilazwa mara tatu. Kazi ikahamia kitandani, binti yake wa kwanza akiandika, yeye akisema.

Kufikia Aprili 2024 ilibaki picha moja. Ilikuwa katika toleo la kwanza la mwaka 1974, ukurasa wa 37. Katikati yake kuna doa jeusi lililofifia, na chini yameandikwa maneno manne tu: "Hali ya mwezi Julai." Mwandishi alikwisha kufariki, na picha halisi haikuwahi kupatikana. Mama aliwauliza wote walioingia chumbani. Muuguzi alisema ni mkate. Mumewe alisema ni mbwa amelala. Mhasibu mstaafu aliyekuja kumjulia hali alivaa miwani yake, akaivua, akasema angekuwa yeye angeiacha.

Mwanawe wa kiume, kwa kumhurumia, alimwambia, "Mama, andika tu udongo. Ni jarida la udongo. Nani atajua?"

"Mimi," akasema. "Hivyo nilishaandika, mwanangu. Mara elfu moja mia tatu na kumi na mbili."

Aliandika barua kwa familia ya mwandishi, kwa anwani ya zamani iliyokuwa imechapwa kwenye jalada la ndani, akiwa hana hakika kama nyumba yenyewe ingalipo. Wiki zikapita. Kila mlango ulipogongwa alifumbua macho. Tarehe 10 Juni aliomba kompyuta, akamtamkia binti yake maelezo haya, na akataka asomewe tena kuhakikisha: "Picha imefifia. Katikati kuna kitu cheusi, upande wa kulia kina ncha nne au tano. Hatujui ni nini. Tumeuliza na bado tunauliza."

Mzee akachora kitu chenye ncha, akauliza hiki ni nini sasa. Mama akasema, "Ndiyo maana naumwa." Wote wakacheka, naye akacheka nao mpaka akakohoa. Alifariki Jumapili, tarehe 16 Juni 2024, saa tatu na robo asubuhi, nyumbani, mumewe akiwa amemshika mkono. Tumeumia. Hatuna namna nyingine ya kulisema hilo.

Siku ya Jumatano, nyumba ikiwa imejaa watu, simu ya mama ililia mfukoni mwa binti yake. Aliyepiga alikuwa bibi wa miaka themanini na mmoja, mjane wa yule mwandishi. Barua ilikuwa imezunguka nyumba tatu kabla ya kumfikia. Aliomba kuongea na mama wa jarida. Alipoambiwa amefariki, alitoa pole, kisha akauliza kama bado tunataka jibu.

"Tunalitaka, Bibi."

"Huo ni mkono wangu," akasema. "Mume wangu alinipa donge la udongo akaniambia nilifinye. Ukiwa na maji, donge linashikamana. Mwaka ule jua lilikuwa kali, likavunjika lote, likanipita vidoleni. Akaniambia, tulia hivyo hivyo, usitikisike, nipige picha. Sasa mimi nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili, nimesimama shambani nimekunja uso kama askari, mume ameinama na kamera. Nikaangua kicheko. Ndiyo maana imetikisika. Alitaka kurudia, filamu ikawa imekwisha."

Binti aliandika maelezo hapo hapo, katikati ya waombolezaji. Mzee aliletewa daftari na penseli. Alisomewa, naye akachora mkono, vidole vitano, na vumbi likidondoka. Alipoangalia alichochora alifunika uso kwa daftari, na watu wakamwacha alie.

Kisha Daktari, aliyekuwa amekuja na mkewe tangu Jumatatu, aliweka spika masikioni akasikiliza: "Mkono wa mwanamke umefinya donge la udongo mkavu. Donge linavunjika na kumwagika kati ya vidole. Picha imetikisika kwa sababu mwenye mkono alikuwa anacheka." Akairudia mara ya pili.

"Kicheko hakionekani kwa jicho," alisema. "Kwa kanuni tulizojiwekea mimi na Mama, hicho kingefutwa."

"Tukifute?" akauliza binti.

"Thubutu!" akasema Daktari.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu wanne, dada mmoja na kaka mmoja, mhasibu aliyekuwa jirani yake wa kazini kwa miaka kumi na saba, Daktari, ambaye familia inamhesabu kuwa mwana wa nne, na wasomaji wengi ambao hakuwahi kuwajua kwa sura wala wao hawakumjua.

Mama, jibu limekuja. Ni mkono, na mwenyewe alikuwa anacheka. Pumzika sasa kwa amani.